Kitabu cha Lancelot, ila alonimaliza mie si Lancelot

Nianze na lawama. Shoga yangu alonipa hiki kitabu kaniambia "chukua riwaya ya mapenzi hii, wanaume wawili, zama za kati, mapanga na makasri, utaipenda", akanyamaza hapohapo, hakunambia kwamba utasoma weee kurasa na kurasa na huyo mwanamme wa pili hata harufu yake hujaisikia. Ikawa kila siku namuuliza kazini, yuko wapi sasa huyo mtu wako, ananambia subiri. (Na nnaposema shoga nasema kwa maana yetu ya huku, mwanamke mwenzangu, sahibu yangu tangu tuko chuoni tunasoma juzuu, msije mkanigeuzia neno, maana kwa kitabu kama hiki nawajua mtaligeuza tu.)

Kitabu chenyewe ni Lancelot, ile ndefu ya nathari ilotungwa kwa Kifaransa cha kale kuanzia kama 1215 hivi, na ukiunganisha na sehemu zake za baadae inafika kama 1235. Alotunga hajulikani. Mie nimesoma tafsiri ya Kiingereza ilofupishwa, maana nzima ni majuzuu. Kopi yangu ni mtumba, imeachwa na mgeni pale gesti ninapofanya kazi Mji Mkongwe, tuna shelfu risepsheni mgeni anaacha kitabu anachukua chengine, vingi vinavoachwa ni vya polisi na maiti, hiki kimekaa pale mwaka mzima kinakula vumbi mpaka jalada limepauka kwa jua la dirishani. Kwa hiyo bei yangu mie sifuri, na review hii ipimeni hivo, mtu alopata bure hana uchungu.

Ukitaka kujua ni zamani kiasi gani, msikiti wa Kizimkazi, huku kwetu Unguja, una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, sasa hiki kitabu kimeanza kuandikwa watu wa Kizimkazi wameshasali pale miaka mia na ushei. Mie hilo lilinisaidia, maana ukiambiwa zama za kati za Ulaya unaona kama ni sayari nyengine, kumbe ni watu wa wakati mmoja na babu zetu walokuwa wanachonga matumbawe.

Haya, stori. Lancelot ni mtoto wa mfalme, baba kanyang'anywa nchi kafa kwa jitimai, mtoto kachukuliwa na bibi mmoja wa ziwani akalelewa huko ndani ya ziwa ambalo kumbe si ziwa, kiini macho tu, watu wakipita nje wanaona maji. Jina lake mwenyewe halijui mpaka keshakuwa kijana keshateka ngome nzima. Anakwenda kwa mfalme Arthur, anamwona mke wa mfalme, malkia Guinevere, kwisha habari yake. Hii sehemu ya mwanzo ina uzuri wake lakini ina mapigano baada ya mapigano, mtu akikutana na mtu kwenye daraja basi lazima wapigane, hujui kwa nini, hawajui wenyewe, wakimaliza wanaambizana majina. Nimeruka. Sioni haya kusema nimeruka.

Halafu ndo anaingia Galehaut.

Tahadhari, si Galahad! Galahad ni mtoto wa Lancelot, yule mtakatifu wa kutafuta kikombe kitakatifu (Grail), anazaliwa baadae kabisa. Majina yamefanana na mie nilichanganya siku mbili nzima, nikawa nasoma huku najiuliza jamani baba na mwana vipi tena, astaghfirullah, mpaka nikarudi nyuma kuangalia herufi.

Galehaut mamaake ni jitu, jitu la kike zuri la uso, na yeye kwa hiyo ni mrefu kupita askari wote, bado kijana, na ni bwana wa Visiwa vya Mbali (watu wa visiwani tumo!). Keshateka falme chungu nzima, sasa anautaka wa Arthur. Mie picha ilonijia ni Fumo Liyongo, yuleyule, pande la mtu lisilo mfano, ambalo unajua toka mwanzo halitakufa kwa upanga. Liyongo kafa kwa sindano ya shaba ya kitovuni, huyu wetu ntawambia kafa kwa nini.

Anafika kwa Arthur anakuta jeshi hamna, watu wachache, wamechoka. Mwengine angemaliza kazi siku ileile. Yeye anasema hapana sifa kumpiga mtu alolegea, nakupa mwaka mzima kajikusanye, ntarudi. Na anarudi kweli, na safari hii upande wa Arthur kuna mtu kavaa deraya nyeusi tupu, jina hana, anapigana kama mtu asotaka kurudi nyumbani. Galehaut anamwangalia. Basi, ni kumwangalia tu. Farasi wa yule wa deraya nyeusi anauliwa chini yake, na Galehaut, adui yake, mwenye jeshi, anampelekea farasi aendelee kuwapiga watu wake mwenyewe! Jioni anamfata njiani anambembeleza, njoo ulale kwangu usiku huu, lolote utakalo ntakupa.

Usiku wa hemani ndo nilipoelewa kwa nini shoga yangu alikuwa ananambia subiri. Lancelot (maana ndo yeye bila shaka) kapewa kitanda kikubwa kuliko vyote, kalala. Galehaut kangoja mpaka mwenzake kapitiwa na usingizi, kaingia polepole kajilaza karibu nae asimwamshe, na usiku kucha anamsikiliza anavolalama na kuugulia usingizini. Hamna zaidi. Mwandishi kaandika kwa mistari michache kama mtu anosimulia bei ya mchele, na mie nimekisoma kile kipande mara tatu. Kuna mapenzi ya kusema na kuna mapenzi ya kukaa macho mtu mwengine kalala, ya pili ndo mazito.

Asubuhi yule kijana anaomba lake. Na ombi lenyewe ni hili: ukishamshinda Arthur, ukishaona keshakwisha hana pa kushika, mie nikikupa ishara, wewe nenda kapige magoti mbele yake umwombe radhi na ujitie mikononi mwake.

Fikirini kidogo. Mtu kakusanya jeshi mwaka mzima, keshashinda mara zote, ushindi upo mkononi, anaambiwa na kijana asomjua hata jina kwamba uutupe. Galehaut kakubali. Na siku ikafika, Arthur yuko hoi kwelikweli, watu wake wanalia, ishara ikatolewa, Galehaut akashuka farasi akapiga magoti mbele ya mtu alokuwa amemshinda. Masharti aloweka ni moja tu, kwamba yule wa deraya nyeusi awe mwenzake.

Hiki kipande nilikisoma kwenye boti naenda Pemba, kwenye mkondo pale kati inaporuka, mama wa pembeni yangu kashika mfuko kinywani na mie machozi yananitoka, kanitizama kaniambia pole mwanangu, we nawe bahari inakudhuru? Nikamwambia eee, bahari.

Halafu kuna mazungumzo mafupi baada ya sulhu ambayo mie nayahesabu ndo roho ya kitabu. Wamekaa Galehaut, Arthur, malkia, na Gawain mpwa wa mfalme kajeruhiwa yuko kitandani, na swali likapita, ungetoa nini kumpata yule wa deraya nyeusi awe wako siku zote? Arthur anasema nusu ya kila nilicho nacho, isipokuwa mke wangu. Gawain anasema angetamani awe msichana, mzuri kuliko wote duniani, mzima wa afya, ili yule mtu ampende yeye kuliko kila kitu maisha yake yote. Malkia anajibu kwa maneno mafupi kwamba basi Gawain kaahidi kila anachoweza mwanamke kutoa. Na Galehaut, alipoulizwa yeye, kasema angeigeuza heshima yake yote kuwa aibu. Wanayasema haya hadharani, mbele ya mfalme, hapana alocheka hapana aloinua nyusi, na hiki kitabu kimesomwa na kunakiliwa kwa mkono karne kwa karne. Mie sina la kuongeza hapo, msomaji mwenyewe apime.

Sasa uchungu unakuja. Galehaut kagundua kijana wake anakonda kwa ajili ya malkia. Mtu mwengine angefanya nini? Angeficha, angefitini, angemhamisha. Huyu kakaa akapanga mwenyewe mkutano, jioni, bustanini, kamleta Lancelot na kamleta malkia, na yule Lancelot alikuwa anaona haya hata kusimama, mpaka Galehaut kamwambia malkia sasa mbusu, na malkia kamshika kidevu kambusu. Busu la kwanza la wapenzi mashuhuri kupita wote wa Ulaya limesimamiwa na mwanamme anompenda huyohuyo anobusiwa.

Huku kwetu tuna mshenga na tuna kuwadi, na kila mtu anajua tofauti yake, mshenga anaingia mlango wa mbele. Galehaut kaitwa kuwadi. Si mie nnosema, Wataliano: jina lake kwa Kitaliano, galeotto, limekuwa ndo neno lenyewe la kuwadi. Dante, mshairi wao mkubwa, kaweka kwenye utenzi wake wa Jahanamu mwanamke anaitwa Francesca, yeye na shemeji yake Paolo walikuwa wanasoma hiki kitabu wawili peke yao, walipofika kwenye lile busu wakabusiana nao, na yule mwanamke analalamika kwamba kitabu ndo kilokuwa Galeotto wao. Na Boccaccio, mwandishi mwengine wa Kitaliano, kakipa kitabu chake cha hadithi mia, Decameron, jina la pili la Mwanamfalme Galeotto. Miaka mia na kidogo baada ya hadithi kuandikwa, mtu alotupa ufalme kwa neno moja kakumbukwa kwa kazi ya kupeleka salamu. Mie limeniuma hilo kuliko kifo chake.

Watu wananiuliza (wawili wameshaniuliza, kwa sauti ya chini) kwani hao ni wapenzi kweli au masahibu tu, chanda na pete. Jibu langu: kitabu hakisemi cha chumbani, anotafuta mambo hayo asijisumbue hatoyakuta, na anoogopa kuyakuta pia asiogope. Neno wanalolitumia wao ni uwenzi, na uwenzi wao mkubwa, kama ule wa wazee kuchanjiana damu na zaidi. Lakini kusema Galehaut ni rafiki tu ni kumdhulumu. Rafiki halali macho hivo. Ninachombishia shoga yangu ni kwamba kaniuzia "wanaume wawili wanapendana" na mie nimesoma nikaona mmoja kapenda na mwengine kapendeka. Lancelot anamthamini, anamlilia, anamfata mpaka nchi yake, lakini ukimkuta yuko peke yake anawaza basi ujue anawaza malkia. Tumebishana hili wiki mbili, yeye anasema nisubiri mwisho.

Kuna kitu kimoja nimekigundua kwa bahati tu, na ndo sababu hasa ya kuandika yote haya. Nilikuwa kwa bibi yangu, upande wa Wete, msimu wa karafuu, usiku umeme umekatika tumekaa ukumbini tunachambua, karafuu huku vikonyo huku, vidole vinanata, na bibi kanambia hebu tupe hadithi we unosoma kila saa. Nikasema paukwa, wakasema pakawa, nikaanza, na ile nataka kuanza nikajiuliza ntaielezaje hii mbele ya bibi na mashangazi. Nikafungua kinywa nikaona hapana la kuogopa, maana Kiswahili hakinidai. Kiingereza kila mstari kinakulazimisha useme ni mwanamme au mwanamke, kila "yeye" ina jinsia. Sisi yeye ni yeye. Kampenda ni kampenda. Nikasema alikuwepo mkubwa wa visiwa vya mbali, akampenda askari wa adui yake. Sikusema uongo hata neno moja. Na mkubwa wa visiwa akili ya bibi anaweza kumjaza atakae, si Unguja karne ya 17 ilikuwa na Malkia Fatuma?

Na taarab si ndo ilivo? Toka zama za Siti binti Saad, mwimbaji anaimba muhibu, nyonda, ua langu, na wewe ulokaa kwenye kiti unamweka unomtaka kwenye lile ua, ukiinuka kwenda kutunza hapana anojua unamtunzia nani. Lugha yetu imezoea kusitiri. Hii hadithi kwa Kiingereza mtu anaisoma kwa kuchungulia, hapa ni ya mume na mke au ni ya nini, kwa Kiswahili unabaki na kitu kimoja tu, nani kapenda zaidi.

Bibi kasikiliza. Kwenye kupiga magoti kasema "eee, kapenda huyo." Kwenye busu la bustanini mikono ikasimama.

"Kampelekea mwenyewe? Kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake bibi."

"Basi hadumu huyo, mjukuu wangu."

Na hadumu kweli. Kasri yake alojengea fahari inabomoka kuta, mabingwa wa kutabiri wanamwambia ajali yake iko karibu na sababu ni huyohuyo ampendae, na yeye anajua, na hamwambii mwenzake asimtie simanzi. Halafu Lancelot usiku mmoja akili imemruka kwa huzuni, katoka damu ya pua nyingi kitandani kaondoka hajaaga. Asubuhi mashuka yamelowa damu. Galehaut kaamini mwenzake kajiua. Kasusa kula, kazidiwa, kafa. Liyongo sindano, huyu shuka lenye damu ya pua.

Mashangazi walikuwa kimya. Bibi kauliza jina lake nani huyo, nikamwambia Galehaut, kasema jina gumu, akaendelea kuchambua. Sijui kama kaelewa na sikumuuliza.

Kuhusu mwisho, shoga yangu kashinda kidogo, nakiri. Sehemu za baadae ambazo kwenye kopi yangu hazimo nimezitafuta kwenye simu nikazisoma kwa taabu, Lancelot analikuta kaburi la Galehaut bila kutarajia na anataka kujiua papohapo, anazuiwa, anaichukua maiti anaipeleka kwenye ngome yake mwenyewe, ileile alojulia jina lake. Na miaka mingi mbele, malkia keshakufa, Arthur kesha, yeye mwenyewe anakata roho, wasia wake ni azikwe kaburi moja na Galehaut. Si na malkia. Nilipofika hapo nikampigia simu saa tano ya usiku, kapokea kasema "nlikwambia usubiri."

Mabaya yake sasa. Majina ni mengi na hayakai kichwani, kila ngome ina jina la huzuni au la furaha, nimeandika orodha nyuma ya risiti. Kiingereza chake kizito kidogo, wanazungumza kwa adabu ndefu, lakini mtu alozoea utenzi hatosumbuka, wale nao hawana haraka. Wanawake wametungwa vibaya ukimtoa malkia na yule bibi wa ziwani, na Galehaut kapewa mwanamke wa kumtuliza, bibi wa Malehaut, ambae wala hadithi haina habari nae, kama mtu alowekewa sahani kwa heshima na hali. Na ufupisho ule unakata pale unapotaka kujua, tena sana.

Najua nchi niliyopo, na sitaki ubishi na mtu chini hapa, nimeandika kuhusu kitabu cha miaka 800. Nampa nyota 4. Moja nimeikata kwa ajili ya yale madaraja.

Kopi ipo kwangu, anoitaka anione pale risepsheni mchana, usiku sipo. Asikunje kurasa, na airejeshe, mie mtu wa kutoa kitu changu roho nyeupe namna ile siye.